Askari wa Bure

Mtu akikuambia kwamba sataranji ni mchezo wa akili, muulize aliucheza na nani. Mimi niliucheza na mzee mmoja wa Kibuta, baba wa msichana niliyetaka kumwoa, na sijapona mpaka leo.

Wakati huo nilikuwa karani wa stoo katika shule moja ya bweni Kibaha. Msichana alikuwa akijifunza uuguzi hapo hapo Kibaha. Sisi wawili tulikwisha kupatana. Aliyebaki ni baba yake. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga, alipeleka barua ya posa na doti za kanga, zikapokelewa. Jibu halikuja. Kila tukiuliza tunaambiwa mzee anafikiri. Ilikuwa miaka ile ya foleni, sukari ikitafutwa kama dawa, na mimi kila nilipopata mgawo wangu niliufunga kwenye baiskeli nikakata pori hadi Kibuta. Mzee hakuwahi kuikataa. Aliipokea kwa mikono miwili, akaniombea dua, akaendelea kufikiri.

"Baba humpati kwa sukari," msichana aliniambia. "Cheza naye sataranji. Asiyejua sataranji, yeye hamhesabu kuwa mtu."

Mzee alijifunza mchezo huo kwa mwenye duka aliyemfanyia kazi ujanani. Duka lilipofungwa alibaki akijiona bingwa wa wilaya nzima, cheo ambacho hakuna aliyekipinga kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kucheza. Alicheza peke yake akiwa amevaa koti la suti, mchana, jua la kupasua mawe. Nilimcheka moyoni, kisha nikaenda kutafuta kitabu.

Kitabu kilikuwapo. Mwalimu mmoja mgeni alikiacha pamoja na ubao wake aliporudi kwao Ulaya, vikatupwa stoo. Bahati mbaya karani aliyenitangulia alikuwa mtu wa biashara, na nusu ya kurasa zilikwisha kwenda kwa muuza karanga wa getini. Watu wa Kibaha walifungiwa karanga kwa elimu kubwa sana bila kujua.

Kilichobaki kilishauri kwamba anayeanza asijaze kichwa. Achague ufunguzi mmoja, yaani namna moja ya kuanza mchezo, aujue vizuri. Ushauri mzuri. Tatizo ni kwamba funguzi hizo zimepewa majina ya mataifa, na nilifanya kosa la kumshirikisha mwalimu wetu wa siasa. Wa Kifaransa haufai, akasema, Wafaransa ni wakoloni. Wa Kiingereza ndiyo usiseme kabisa. Wa Kirusi ulimvutia, lakini akanikumbusha kwamba sisi hatufungamani na upande wowote, na kwa vyovyote kurasa zake zilikwisha ondoka na karanga. Yeye mwenyewe hakujua farasi wa sataranji anatembeaje.

Ukabaki mmoja usio na taifa: ufunguzi wa kumtoa askari, ile kete ndogo kuliko zote. Unasogeza askari wa mbele ya mfalme, mwenzako anasogeza wake, kisha unamsukuma askari wa jirani aliwe bure. Akiliwa, kinasema kitabu, njia ya kushambulia imefunguka. Niliupenda papo hapo. Mimi nimekulia kwenye dama ya vizibo vya soda, na katika dama anayeweza kula lazima ale, apende asipende. Unamlisha mtu kimoja ili ule vitatu. Basi nikakariri kila kinachofuata baada ya mzee kula. Ukurasa wa asipokula haukuwapo, wala sikuuulizia. Nani anakataa cha bure? Mzee yule wa sukari?

Jumapili moja tukakaa barazani kwake, mdogo wake na jirani mmoja wakitazama. Msichana alikuwa zamu Kibaha, namshukuru Mungu. Nikasogeza, akasogeza. Nikamtoa askari wangu. Mzee akamtazama, akanyoosha koti, akasogeza kete yake ya askofu kana kwamba hajaona kitu.

Nikababaika. Halafu nikaona askari wangu anaweza kumla wa kwake, na mkono uliozoea dama haukuniuliza, nikala. Malkia wa mzee akatoka mbio hadi ukingoni kumtisha mfalme wangu. Nikamsogeza mfalme mbele. Malkia akamla askari aliyekuwa pale mbele yake, na yule askofu akawa ameziba njia ya kukimbilia. Mchezo ukaisha kabla chai haijaletwa.

"Kijana," akasema mzee, "kitu kikiwekwa mbele yako si lazima ukile."

Wakacheka wote watatu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Tukapanga upya, zamu hii akaanza yeye. Akasogeza askari wa mbele ya mfalme, nikamjibu. Kisha taratibu akamsukuma yule wa jirani, wa bure, kama nilivyofanya mimi.

"Hiyo zawadi yangu kwako," akasema kwa sauti. "Pokea."

Fikiria furaha yangu. Somo nilikwisha kulipata, na sasa mwalimu ananipima! "Ahsante, mzee wangu," nikasema huku nikitabasamu. "Sipokei." Nikasogeza askofu wangu.

Mzee hakumtazama hata huyo askofu. Aliwageukia wale wawili. "Mmesikia?" Wakajibu wamesikia. Tukaendelea, nikashindwa tena, safari hii polepole zaidi, na nikarudi Kibaha nikipiga mluzi juu ya baiskeli. Nilijiona nimeiva.

Wiki iliyofuata mjomba alikwenda kufuata jibu. Kwa desturi, upande wa mwanamke ukikataa posa, hurudisha ulivyopokea. Upande wa mwanamume ukiharibu wenyewe, hakirudi kitu. Mzee alimkaribisha kwa chai, nami najua sukari ilikotoka. "Sina kinyongo," akamwambia. "Lakini mpwa wako nimempa kitu kwa mkono wangu, mbele ya mashahidi, akasema hapokei. Asiyepokea hata kijiti cha sataranji kutoka kwangu, nitampaje mtoto?" Mdogo wake na jirani wakaapa, na hawakuapa uongo.

"Sataranji siijui," mjomba alinifokea, "lakini cha mkwe hukikatai, hata akikupa maji ya moto! Ni nani aliyekufundisha?"

Nilimwonyesha kitabu. Nusura anipige nacho.

Binti akaozwa kwa dereva wa lori la ushirika, mtu asiyejua sataranji wala dama, ila alijua kushusha gunia zima la sukari mlangoni kwa mzee. Nililia, sioni haya kusema.

Kabla ya harusi nilikutana na msichana kituo cha basi Kibaha. Nikamweleza yote: ufunguzi, askofu, malkia, kwa nini yule askari ni mtego na mjanja hamgusi. Alinisikiliza hadi mwisho, kama anavyosikilizwa mgonjwa mwenye homa kali. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Si ungepokea tu," akasema.

Basi likaja, akapanda.