Mahali Tulipokataa Kupataja

"Mama, wewe ndiye unatuuza!" baba alipaza sauti. "Sema tu jina. Watu wanangoja."

"Nisiyesema kitu ndiye ninauza?" nyanya alimjibu bila kuinuka kwenye kigoda chake. "Kichwa hicho umekitoa wapi? Kwangu hapana. Labda kwa baba yako."

Watu walicheka. Baba hakucheka.

Nilikuwa mtoto wa miaka minane, nimesimama nyuma ya mgongo wa nyanya katika uwanja wa kanisa, kijijini kwetu upande wa Wamaza. Vijana wawili wa shirika dogo walikuwa wametoka mjini Kasongo kwa pikipiki. Walikuja kutusaidia kuchora ardhi yetu, ili tuombe karatasi ya serikali inayosema msitu ni wa kijiji. Walitutaka tuchore wenyewe, chini. Majivu yalikuwa mito, mkaa ulikuwa njia, majani ya muhogo yalikuwa mashamba. Baba alikuwa katibu wa kamati ya msitu, naye alizunguka na daftari, akiwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Kufikia adhuhuri ramani ilikuwa imejaa, isipokuwa sehemu moja upande wa magharibi, udongo mtupu. Pale ndipo walipozikwa wazee wa ukoo wa nyanya. Kati ya waliopewa kazi ya kupalinda, alikuwa amebaki yeye peke yake.

Kwetu, mahali kama pale hapatajwi mbele ya mgeni. Ukipataja umempa, kama vile umemkabidhi kuku mkononi. Wala hapaonyeshwi kwa kidole. Ikibidi, unafunga ngumi, la sivyo kidole kitaoza. Kijijini kulikuwa na mzee mmoja aliyekosa kidole cha shahada, na sisi watoto tulijua sababu, ingawa mwenyewe alisema kila mara kwamba ni panga.

Baba akanigeukia.

"Wewe na nyanya munaendaga pamoja kuokota viwavi. Mupaka unaujua. Onyesha."

Niliujua. Ulianzia kwenye kijito cha mawe mekundu, ukapita kichuguu kikubwa, ukashuka hadi miti ya viwavi vya kula. Kijana mmoja aliinama mbele yangu akiwa na jani mkononi. "Usiogope, dada mudogo. Tunaweka jani tu."

Nyanya hakugeuka kunitazama.

"Sijui," nikasema.

Kijana aliandika kwenye karatasi waliyonakilia ramani yetu. Baadaye nilikuja kujua aliandika nini: hakuna matumizi. Simlaumu. Aliandika alichoambiwa, na alichoambiwa kilitoka kinywani mwangu.

Misimu miwili ya mvua ilipita. Wakaja watu wa dhahabu kutoka njia ya Salamabila, na karatasi yao ya serikali mkononi. Baba na wenzake wa kamati walitembea siku nzima kwenda kulalamika. Ofisini wakafunguliwa ramani ileile, kazi ya mikono yetu, na afisa akaweka kiganja juu ya pale peupe. "Si ninyi wenyewe mulisema hapa hakuna kitu?"

Walichimba. Kijito kikawa rangi ya chai ya maziwa, miti ya viwavi ikakatwa kuwa nguzo za mashimo. Nyanya aliuliza jambo moja tu, kama mifupa ilihamishwa. Yeye na baba hawakugombana tena mpaka nyanya alipofariki, na nyumba ile isiyo na ugomvi ilikuwa nzito kukaa.

Leo nina miaka kumi na minane. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, njia ya kwenda ilipokosa usalama, lakini mwandiko wangu ni mzuri, basi kamati ilinipa daftari la baba. Ninapita nyumba kwa nyumba kuwaomba wazee wataje mahali pao kabla hawajatajiwa na wengine. Nina hasira, na sijapata bado wa kumpa. Nyanya alishika alichofundishwa. Wazee walipoweka mwiko ule, mgeni alikuwa mtu anayesimama mbele yako na kukuuliza. Hawakujua kwamba atakuja mgeni asiyeuliza, ambaye ukimya wako unamtosha. Tulinyamaza ili tusitoe, tukatoa.

Wiki iliyopita nilienda kwa Mama Zaina, ng'ambo ya mto, anayelinda mahali pa ukoo wake. Nilimweleza yote, hata lile "sijui" langu. Alisikiliza huku akibambua karanga, akanijazia kiganja. Nikafungua daftari. Yeye akasimama, akanishika bega taratibu, akanisindikiza mpaka mlangoni.

"Mutoto, mimi sikunyamaza kama nyanya yako. Mugeni wa kwanza alikuja kuandika, nikasema. Wa pili alikuja, nikasema. Wote waliandika, wakaenda. Uende kwanza uniletee kile walichoandika. Mimi niko hapa."