Shikamoo Isiyo na Alama

Mwaka ule chuo cha waganga kilicho jirani yetu hapa Lushoto kiliamua kupima huruma. Joto wanapima, presha wanapima. Kumbe huruma nayo ina kipimo chake, na kililetwa na watu wa semina.

Mimi niliajiriwa kuwa mgonjwa. Mgonjwa wa kuigiza, maana wagonjwa wa kweli wana tabia ya kuharibu mitihani. Walinichagua kwa sababu kwenye igizo la Krismasi kanisani nililia hadi mchungaji akaniletea maji. Kazi yenyewe ilikuwa kulala kitandani, kushika tumbo na kugumia, huku mwalimu wao amekaa kwenye kona na karatasi yake. Mwanafunzi akisema pole, alama. Akinitazama machoni, alama. Akinigusa bega, alama. Akisema "naelewa unavyojisikia," alama zaidi, ingawa tumbo lenyewe lilikuwa zima kabisa.

Wasichokijua ni kwamba kwapani nilikuwa na uvimbe. Niliugundua peasi zilipoanza kuiva, na sasa peasi zilikuwa zimekwisha sokoni. Sikumwambia mtu. Niliogopa, basi. Dada yangu alianza hivyohivyo, na tulimzika.

Waliingia mmoja mmoja. Mungu anisamehe, nilicheka ndani ya shuka. "Pole mama, pole sana, pole kwa tumbo, pole kwa baridi, pole kwa kulala." Kijana mmoja alinipa pole kabla hajafunga mlango, hajui kama naumwa au nauza kabichi. Watoto waliolelewa kuinamisha macho mbele ya mtu mzima wakanikodolea kama wanaotafuta kibanzi. Bega langu lilipapaswa mpaka likachoka. Na hakuna hata mmoja aliyeniamkia! Nina mvi, nina wajukuu, na katika milima hii mtoto akinipita njiani bila shikamoo, mama yake ataulizwa. Lakini shikamoo haikuwa na alama, na muda ulikuwa mfupi.

Kisha akaingia binti mmoja, Kiswahili chake kimejaa Kishambaa kama changu. Akasimama mbali kidogo, macho chini.

"Shikamoo, mama."

Akasubiri.

Nilitakiwa kusema tumbo linaniuma. Lakini shikamoo haijibiwi kwa tumbo. "Marahaba, mwanangu," nikasema, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu mwenyewe, si ya mgonjwa wa chuo. Baada ya hapo igizo likanishinda. "Nina uvimbe kwapani. Naogopa."

Hakusema pole. Alivuta kiti, akakaa.

"Wa kweli, mama?"

"Wa kweli."

"Naomba niushike."

Mwalimu akagonga meza. "Mama, wewe unaumwa tumbo! Na wewe binti, pole iko wapi? Muda unakwisha."

"Mwalimu, mama anaumwa."

"Najua anaumwa, si tumemlipa?"

Binti akanisaidia kushuka kitandani, akanifunga kanga vizuri, akanishika mkono, tukatoka na kuvuka barabara hadi hospitali. Alikaa nami kwenye benchi mpaka nikaitwa. Nilimwambia tena kwamba naogopa, na sikuona aibu. Uvimbe ulitolewa, nikapona. Ndiyo maana leo nina nguvu za kuwasengenya. Yeye alipata sifuri kwenye huruma.

Aliporudia mtihani, mgonjwa nilikuwa mimi tena, na mwalimu yuleyule kwenye kona yake. Binti aliingia na pole mdomoni. Alinitazama machoni bila kupepesa, akanipapasa bega, akasema anaelewa ninavyojisikia. Mwalimu aliandika mpaka akatabasamu.

Alifaulu vizuri sana. Hakuniamkia.