Kisima cha Uani

Watu walimwita Fuko, na jina likamkaa. Tangu ujana wake alichimba visima kwenye mashamba ya mahindi, akishuka kwa kamba na sururu, akirudi juu mwekundu wa udongo toka utosini hadi unyayoni. Mkewe hakuchoka kumtania: "Waume wa wenzangu wanapanda vyeo, wangu kila siku anashuka."

Kikaja kiwanda cha sabuni. Mashamba yakakatwa viwanja, viwanja vikaota nyumba za kupangisha, mlango kwa mlango. Bomba nalo likafika. Kisima hakuna aliyekitaka tena. Watu walitaka mashimo ya choo. Fuko hakulala njaa. Sururu ilikuwa ileile, udongo uleule, ila sasa maji yakitokea ilikuwa balaa.

Siku moja mdogo wake, fundi mitambo pale kiwandani, alimwita kwa mama yao. Alikuwa anajenga vyumba vya wapangaji uani. Akamwonyesha mahali pa kuchimba choo, karibu kabisa na kisima cha mama, kisima cha kwanza Fuko kuchimba maishani mwake.

"Hapa haiwezekani," Fuko alisema. "Utatunywesha uchafu."

"Kaka, nani anakunywa humo siku hizi?"

"Mama anakunywa."

Mama yao alikuwa kizingitini akichambua mchele. Hakuinua kichwa. "Mama hanywi. Maji yananuka sabuni tangu mwaka juzi. Nilinyamaza, nilijua utaumia."

Fuko alitumbukiza ndoo, akavuta, akaonja, akatema.

"Basi nitakifukia mwenyewe," alisema. "Asikiguse mtu."

Alimwaga mawe, vipande vya matofali, kisha udongo, akishindilia kila tabaka kwa gogo. Wafanyakazi wa zamu walipita njiani bila kugeuka. Alipomaliza, mama alimletea chai.

"Kilitulea kile, mwanangu."

"Chai imezidi sukari, mama," alijibu, akageukia ukutani kuinywa.

Kesho yake akachimba choo palepale alipoonyeshwa.

Wapangaji walipohamia, msichana mmoja wa kiwandani aliona pale palipokuwa kisima pamesawazika vizuri, akaweka karai lake la kufulia. Fuko, aliyekuja kumjulia hali mama, alimkuta ameinama anasugua shati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Maji yapo leo?"

"Ya bomba yanatoka kidogo kidogo."

"Haya," akasema, akaingia ndani.