Bahasha Zilizorudishwa

Shangazi yangu alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kufungua kampuni ya kupandisha wageni mlimani. Biashara zilipoachiwa watu binafsi, aliuza ng'ombe wake wa maziwa, akakodi chumba karibu na mnara wa saa mjini Moshi, akabandika kibao mlangoni. Miaka mingi baadaye nilimaliza masomo ya kompyuta Dar es Salaam, nikarudi nyumbani Machame bila kazi. Akaniita.

"Njoo unifanyie hiyo intaneti," alisema. "Wenzangu wote wanayo."

Nikamfanyia. Tovuti yake niliijenga juu ya kiunzi chepesi, kile ambacho sisi waandishi wa programu hukiita freimuweki: nguzo na paa umeshawekewa, wewe unakandika kuta. Nilikichagua kwa sababu kilikuwa kidogo. Hata kwa intaneti yetu ya simu ya mezani, iliyokatika kila mara, niliweza kukipakua. Pia kiliweza kukaa kwenye sava ya bei rahisi tuliyokodi ng'ambo. Mgeni akiandika anwani, anapata ukurasa, anajaza tarehe zake, nasi tunapokea. Ilifanya kazi vizuri mno, na mimi nikajiona fundi.

Kisha wakala wa Ulaya, aliyekuwa akituletea wageni wengi kuliko mwingine yeyote, akatuandikia. Kuanzia msimu unaofuata, alisema, hatapokea tena barua pepe wala faksi. Kompyuta yake itaiuliza yetu moja kwa moja kama kuna nafasi tarehe fulani, na yetu ijibu palepale. Maswali yatakuja yamefungwa ndani ya bahasha za aina fulani zinazotumiwa na makampuni makubwa, na majibu yarudi vivyo hivyo. Utaratibu wenyewe uliitwa SOAP.

"Si ndiyo sabuni hiyo?" Shangazi akauliza.

"Ndiyo, Shangazi, lakini ni jina tu."

"Basi tuwape sabuni yao. Nimeshawajibu kwamba wiki ijayo itakuwa tayari."

Nilitamani kulia. Kiunzi changu kilijua kurasa tu, hakijapata kuona bahasha ya namna ile. Nikawaandikia mafundi wa wakala kuwauliza nifanye nini. Wakanijibu kwa adabu kwamba wanapendekeza programu ya sava inayokidhi viwango vya makampuni makubwa. Nikaipata moja ya bure. Kuipakua kulinimalizia asubuhi nzima kwenye intaneti kafe, na nilipoiweka ikala kumbukumbu yote ya ile mashine tuliyokodi. Tovuti ikazima. Shangazi akanijia simu ikiwa bado mkononi.

"Mama, mgeni anasema hatupo. Mbona hatupo?"

Nikaifuta. Nikawaandikia watengenezaji wa kile kiunzi, nikiomba wakiongezee uwezo wa kupokea bahasha hizo, au waniambie nianzie wapi. Aliyekianzisha akanijibu kwa sentensi mbili: huo ndio uzito tulioukimbia, tumia kitu kingine. Nilisoma jibu lile nikiwa nimesimama. Mkubwa ananiambia niwe mkubwa, mwepesi ananiambia niende kwa mkubwa, na mimi nina chumba kimoja Moshi chenye umeme wa mgao.

Nikaamua kuandika mwenyewe. Hati ya wakala iliyoeleza kila swali na kila jibu ilikuwa ndefu kuliko programu yangu yote. Niliisoma kidogo kidogo, nikafundisha kiunzi changu kufungua bahasha, kutoa swali, kutafuta nafasi, kufunga jibu. Nilipoona kila kitu kinafanana na hati, nikatuma jibu la kwanza kwenye mfumo wao wa majaribio. Likarudi na maneno mawili tu: ujumbe batili.

Batili kwa nini? Haikusema. Nikabadilisha, nikatuma, batili. Umeme ukakatika, ukarudi, nikatuma, batili. Wiki zikapita hivyo. Mafundi wao walinijibu kila mara kwamba nisome hati. Niliisoma hadi nikaanza kuichukia sura yake, na nikaanza kujichukia na mimi, nikidhani labda shule yangu ilikuwa bure.

Jumapili moja baada ya ibada mama alikuwa akipakua kiburu, zile ndizi zetu za kupondwa na maharage, akaniuliza kazi yangu ni nini hasa, maana nimekonda. Nikamweleza kwamba kompyuta ya Ulaya inaiuliza yetu swali, yetu inajibu, na ile inasema haielewi.

"Mna shida za kujitakia," alisema, akaniongezea ndizi.

Aliyechoka zaidi yangu alikuwa Shangazi. Asubuhi moja, bila kuniambia, akapiga simu Ulaya na kuanza kufoka kwa Kiingereza chake cha shule ya misheni.

"Binti yangu ameandika kila mlichotaka, na nyinyi mnamwambia batili, batili. Mwenzetu mwingine yeyote anayewauzia, yeye anaandikaje? Nitumieni barua yake moja inayokubalika. Moja tu. La sivyo wageni wenu watafute mlima mwingine."

Mlima mwingine! Nilificha uso. Lakini jioni ile mfano ukafika.

Niliuweka kando ya jibu langu, nikalinganisha mstari kwa mstari. Neno la tarehe ya kuwasili, lililoandikwa vizuri kwenye hati, kwenye mfano lilikuwa na kosa la tahajia: herufi moja imeruka. Mtu fulani kwao alikosea siku ya kwanza. Aliyeandika hati akalisahihisha kwenye hati, na mfumo wenyewe ukaachwa na kosa lake. Nikakosea kama wao. Nikatuma. Ikakubaliwa.

Sikufurahi. Nilitaka kumpiga mtu, na hapakuwa na mtu wa kupiga. Shangazi ndiye aliyepiga vigelegele, akaagiza soda.

Wageni wakaanza kuja kupitia bahasha, na kiunzi changu chepesi hakikuanguka hata mara moja. Msimu ule akaja kupanda mlima dada mmoja aliyefanya kazi kwa yule wakala, kwenye kitengo cha safari. Aliposhuka, magoti yakimuuma, tukamkaribisha chai ofisini, nami nikamuuliza majibu yetu yanawafikia vipi.

"Vizuri sana," alisema. "Yanatoka kwenye printa, halafu mimi nayaandika upya kwenye mfumo wa hesabu. Mifumo yetu miwili haijaunganishwa bado."

"Unayaandika kwa mkono?"

"Kwa mkono. Zamani nilikuwa nanakili tu kutoka kwenye barua pepe zenu. Ilikuwa rahisi zaidi."

Nikamtazama Shangazi. Akamwongezea mgeni chai.

Dada yule alipoondoka nikalipuka. Nilisema maneno mengi kuhusu wazungu, kuhusu hati, kuhusu miezi yangu iliyopotea. Shangazi alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Wageni wamekuja?" akauliza.

"Wamekuja."

"Basi."

Kwake yalikwisha pale. Kwangu hayakwisha. Kila walipobadilisha toleo la mfumo wao, bahasha zetu zilianza tena kurudi, nami nikaketi tena kulinganisha mistari. Ile sehemu niliyoiandika niliwapelekea watengenezaji wa kiunzi, nikidhani itamsaidia mwingine. Hawakuipokea.

Baada ya misimu kadhaa wakala akatangaza utaratibu mpya. Bahasha zimefutwa; sasa kompyuta yake ingeuliza kwa anwani ya kawaida tu, kama mgeni anavyofungua ukurasa, na kupokea jibu fupi. Kiunzi changu kilikuwa kikiweza jambo hilo tangu siku niliyokipakua. Nilifanya kazi yote kabla ya chakula cha mchana. Kisha nikatoka, nikanunua ndizi choma, nikala nimeegemea ukuta wa ofisi, na hasira za miezi ile yote zilikuwa bado hazijaniisha.