Aliyesema na Askari Mlangoni

Baba yangu hakuwahi kuwa askari. Naanza na hilo kwa sababu ukisema Kampala kwamba baba yako ni wa Koboko, kule West Nile walikotoka askari wengi, na anajua Kiswahili, watu wanamalizia hadithi wenyewe: Kiswahili ni cha jeshi, basi mzee alibeba bunduki. Baba alibeba vitabu. Alisoma katika chuo kikuu kile kikongwe cha juu ya kilima, kilichoipa nchi hii mawaziri wake na wapinzani wa mawaziri hao. Serikali ya askari ilipoanguka, alikuwa amebakiza mitihani ya mwisho tu.

Hakuifanya. Wenzake darasani walianza kumnyooshea kidole kwamba ni mtu wa askari, akakimbilia Kongo bila shahada.

Kabla ya hapo, askari waliwahi kuingia bwenini kuwasaka wanafunzi waliogoma. Rafiki yake, kijana wa kusini asiyejua neno la Kiswahili, alijibanza chini ya kitanda cha baba. Baba akasimama mlangoni.

"Afande, hapa hakuna mutu mbaya," aliwaambia. "Hii chumba iko ya mimi peke yangu."

Walimpiga kitako cha bunduki begani, wakaenda zao. Bega hilo halinyanyuki vizuri hadi leo.

Mwaka jana rafiki huyo, sasa mzee mwenye heshima zake pale chuoni, alikuja Koboko, ambako baba alikuwa amesharudi, kukusanya kumbukumbu za sherehe ya chuo. Tulimchinjia mbuzi. Mimi mwenyewe nilisonga ugali wa muhogo, nikampikia firinda, yale maharage ya kumenywa moja moja mpaka vidole vinauma. Baba alimweleza yote, hata maneno aliyowaambia askari na maana yake. Mgeni akatokwa machozi, akaahidi kwamba safari hii nchi itasikia. Nilimwamini, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Siku ya sherehe baba alikuja kwangu Arua kutazama televisheni. Alivaa koti, akaalika majirani zangu, Wakristo kwa Waislamu, hata mama wa Kikongo anayeuza vitenge.

"Leo mutajua mimi nilikuwa nani," aliwaambia.

Hakutaka kingine. Alitaka aitwe mwanafunzi wa chuo kile, mbele ya watu.

Rafiki akapanda jukwaani. Akasimulia hofu, giza la chini ya kitanda, viatu vya askari. Halafu akasema: "Mwenzetu mmoja wa West Nile aliongea nao kwa Kiswahili chao. Sijui walielewana nini. Mpaka leo sijui alikuwa upande gani."

Ukumbi ukapiga makofi. Sebuleni kwangu hakuna aliyemtazama mwenzake, na mama wa vitenge akasema chai ni tamu. Wanasema shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hali mbuzi wako kwanza! Nilitamani nimtapishe kila kipande.

Mchana simu ya baba ikalia. Alikuwa yule rafiki, sauti imejaa furaha, akiuliza kama tumemwona. Baba alimjibu polepole, kwa Kiingereza chake safi cha chuo.

"Nimekuona. Kama nilikuwa mtu wao, wewe uko hai vipi?"

Yule bwana akasema mtandao ni mbaya, hasikii vizuri. Baba akarudia swali, neno kwa neno. Simu ikakatwa.