Spana ya Chumba cha Mashine

Suti za kuzamia zikianikwa hutoa harufu ya mpira na chumvi. Kazi yangu ni kuzisuuza, Shangani, wageni wakirudi kutoka kwenye meli iliyozama mbele ya mji. Harufu hiyo niliijua nikiwa na miaka tisa, ilipoingia kwetu, mtaa wa Malindi, mwilini mwa Ami Kombo, jirani yetu mzamiaji. Wakati ule meli ilikuwa na miezi michache tu chini, na baba yangu, fundi wake wa mashine, hajaonekana. Mtu mmoja alisema alimwona akiteremka bandari ya Mkokotoni kabla haijazama. Mfa maji haachi kutapatapa. Mama alilishika neno la mtu huyo. Hakukaa eda, hakukubali hitima isomwe, na kila mchana alimwekea baba sahani yake, ameifunika kawa.

Ami Kombo alifungua kitambaa, akatoa spana. "Nimeikuta chumba cha mashine. Ni yake, Bi Zuhura?"

Mama hakuitazama. "Muulize huyu. Ndiye aliyekuwa akimpelekea chai."

Mkono wa spana ulizungushiwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Niliufunga mimi, kwa fundo langu baya. Na baba hakuwa akiiacha hata akienda kununua mkate.

"Siyo," nikasema.

"Tazama vizuri, mwanangu."

"Siyo ya baba, Ami."

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu meli izame. "Sikukwambia, Kombo? Mume wangu na domo lile afe kimya kimya? Kelele zake zingefika Darajani!"

Ami Kombo akaikunja tena kitambaani, akaaga.

Nilifurahi, sitaficha. Nilidhani nimemwokoa baba, kumbe nimemfunga mama. Wakubwa husema njia ya mwongo ni fupi; yangu ilichukua miaka minne, mama akikataa posa mbili, akikimbilia mlango kila ikipigwa hodi, mpaka Kadhi alipohukumu kwamba baba amekufa. Ndipo alipokaa eda, nywele zimeshaingia mvi.

Leo meli ile imeota matumbawe, na samaki wanaingia na kutoka madirishani. Wageni huibuka wakicheka, wakanionyesha kwenye simu picha za chumba cha mashine, pembe kwa pembe. Zamani kilichokuwamo mle alikijua mzamiaji mmoja na mtoto mmoja. Sasa anakiona yeyote mwenye nauli ya boti. Mama peke yake hakuonyeshwa. Alifariki akisikitika kwamba miaka ile aliipoteza kwa ukaidi wake, nami nilikaa kando ya kitanda chake, nikamshika mkono, spana sikuitaja.