Jezi Nisiyowahi Kuivaa

Bango lilitokea Jumatatu asubuhi, limefungwa kwenye nguzo mbili karibu na soko la Bukoto, na aliyekuwa ndani yake ni mimi. Mama alikuwa amenituma maziwa. Mwanamume mmoja wa bodaboda, aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki yake akingoja abiria, aliniangalia, akainua macho juu, akaniangalia tena.

"Dada, si ni wewe ule?" akasema. "Sasa umekuwa mutu mukubwa. Uko kwa balabala."

Nikageuka kutazama barabarani. Ni kweli, nilikuwa pale. Nilikuwa nimeruka, mkono wa kulia umepita juu ya wavu, mdomo wazi kama mtu anayeita gari. Chini ya miguu yangu maandishi makubwa yalimwalika kila kijana mwenye kipaji ajiunge na chuo kimoja cha binafsi cha hapa Kampala, kwa sababu mabingwa wa kesho walikuwa wameshakichagua. Bingwa wa kesho alikuwa mimi, na chuo chenyewe sikuwahi hata kukanyaga lango lake.

Hata hivyo nilifurahi. Tulifika Kampala kutoka Bukavu nikiwa mtoto wa darasa la nne, mama na mimi peke yetu, na tangu hapo tulikuwa watu wa kutojitokeza. Mama aliuza vitenge, alisali, alisalimia majirani, akafunga mlango. Mimi tu ndiye niliyeshindwa kujificha, kwa sababu ya urefu. Tukienda soko la Kikuubo kuchukua mzigo, ambako watu husongamana mpaka huoni unapokanyaga, mama hakuwa na hofu ya kunipoteza. Aliinua tu kichwa na kunikuta. Urefu huo ndio ulionipeleka kwenye mpira wa wavu, na mpira wa wavu ndio ulionisomesha sekondari. Kwa hiyo nilipojiona pale juu, mkubwa kuliko duka la dawa lililokuwa nyuma yangu, nilisimama hadi maziwa yakapata joto mkononi.

Nilimleta mama aone. Alitazama kwa muda, kitenge kimefungwa kiunoni, mkono umeziba jua.

"Basi ni hawa watakusomesha?" akauliza.

"Hapana, mama. Hawa hata siwajui."

"Na wao wanakujua namna gani?"

Tukarudi nyumbani.

Simu ililia mchana uleule. Alikuwa kocha wa chuo nilichokitaka, mwanamke Mkenya aliyekuja kunitazama katika mashindano ya shule na kuniahidi ufadhili wa kusomea uuguzi mara udahili utakapofunguliwa. Huyu alikuwa mtu wa salamu ndefu. Siku hiyo hakusalimu.

"Umesaini wapi?"

"Sijasaini popote, Kocha."

"Na hilo bango?"

"Nimeliona leo kama wewe."

"Njoo uwanjani. Haya si mambo ya simu."

Nilimkuta kwenye uwanja wa saruji nyuma ya bwalo la chuo, wasichana wake wakifanya mazoezi. Alinikalisha kwenye benchi akanieleza. Ligi ya vyuo ilikuwa na kanuni kuhusu matangazo. Chuo hakikuruhusiwa kutumia picha, jina wala video ya mchezaji wa sekondari katika mabango na vipeperushi vyake kabla mchezaji huyo hajawa mwanafunzi wake. Zamani, alisema, vyuo viliwatembeza watoto kama bidhaa za dukani, vikawaahidi mbingu, na goti likiumia vikawaacha wasijue pa kwenda.

"Kanuni nzuri," nikasema.

"Nzuri, lakini ina mkia. Mchezaji aliyekubali kutangazwa naye anaadhibiwa. Anakaa nje msimu mzima, hata akienda chuo kingine. Na ukishaonekana kwenye bango, ligi inahesabu kwamba umekubali, hadi uonyeshe kwamba hukukubali. Wameshaniandikia. Wanakuita mbele ya kamati."

"Nikikaa nje, ufadhili wangu?"

Hakunidanganya. "Ufadhili ni wa wanaocheza."

Nilirudi Bukoto kwa miguu ingawa nauli nilikuwa nayo. Lile bango nililipita bila kuinua kichwa.

Kabla ya siku ya kamati, mkuu wa michezo wa chuo kile cha bango alikuja nyumbani. Tuliishi katika vyumba viwili nyuma ya duka la vitenge la mama. Alivua viatu vyake vizuri mlangoni, akakaa, akakubali chai. Alikuwa ameambiwa kwamba mama hajui Kiingereza wala Luganda, kwa hiyo alijitahidi kwa Kiswahili. Alifungua begi akatoa viatu vipya vya michezo na suti ya mazoezi ya buluu, akaviweka juu ya meza kati ya vikombe.

"Mama, hii maneno ni ndogo sana," akasema. "Binti akuje kwetu. Akikuja, ile picha inakuwa picha ya mwanafunzi wetu. Kesi inakufa."

"Na asipokuja?"

"Atakaa benchi mwaka muzima. Mimi sipendi, lakini ndiyo shelia."

Wao ndio waliovunja kanuni, na sasa kanuni hiyohiyo walikuwa wameigeuza kamba ya kunivutia kwao. Nilitaka kusema, lakini mama alinigusa goti.

"Kwenu munafundisha uuguzi?" akamuuliza.

"Uuguzi hapana. Iko biashara, iko utalii."

Mama aliikunja ile suti polepole, mkunjo juu ya mkunjo kama anavyokunja vitenge vyake, akairudisha kwenye begi pamoja na viatu. "Huyu anataka kuvaa nyeupe ya hospitali," akasema. "Hii ya buluu mupelekee mwingine. Chai mumalize."

Aliimaliza, kwa kweli. Kisha akaondoka na begi lake.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, nilienda kulitazama bango upya. Siku zote nilikuwa nimeangalia uso wangu. Sasa niliangalia mengine. Picha ilikuwa ya fainali ya shule, hilo nilikwishalitambua, kwa sababu ni siku ile tu niliyosuka nywele vile. Lakini jezi ya shule yetu ni ya rangi ya damu ya mzee, na pale juu nilikuwa nimevaa buluu. Walikuwa wamenibadilishia rangi kwa kompyuta. Nikasogea hadi chini ya nguzo. Kwapani, mkono ulipoinuka, kilibaki kipande cha rangi ya shule. Na magoti walikuwa wameyasahau kabisa: soksi zangu za magoti zilikuwa za njano zenye mstari mwekundu, kama za kila msichana wa shule yetu. Nilicheka peke yangu pale barabarani, na muuza ndizi akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa sana.

Kesho yake nilienda shuleni kwetu, nikamweleza mwalimu wa michezo, naye akanipa jezi ileile niliyovaa siku ya fainali; soksi nilikuwa nazo nyumbani.

Kamati ilikaa katika ukumbi mdogo wenye feni iliyokuwa ikilalamika darini. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mnene wa makamo, nywele zimekatwa fupi, mgongo umenyooka. Mkuu wa michezo alizungumza kwanza, kwa Kiingereza, vizuri na kwa upole. Alisema nilikubali kwa mdomo siku ya fainali. Alisema pia kwamba chuo chake kilipotuma zawadi nyumbani, mama yangu aliipokea.

Mama aliniona nimekaza taya. "Amesema nini?"

Nikaomba ruhusa nimtafsirie.

"Hakuna haja ya kutafsili," mwenyekiti akasema, na hapo Kiswahili kikamtoka, kile cha watu wa polisi wa hapa, ambacho herufi zake hubadilishana viti. "Mimi nimechezea timu ya polisi miaka mingi. Kiswahili ndiyo ilikuwa chakula yetu. Mama, huyu anasema ulipokea begi. Ni kweli?"

Mama alisimama ingawa hakuombwa. "Begi lilikuja na mwenyewe, likaondoka na mwenyewe. Mimi nilimupa chai. Kama chai ni kosa, hiyo nakubali."

Mtu mmoja wa kamati aliinama kuficha kicheko. Mwenyekiti hakucheka, lakini aligeuka kwangu. "Na wewe?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa Kiingereza. Nilikiacha. Nilitandaza jezi ya shule mezani, mbele yake, na nikaweka soksi za magoti juu yake.

"Hizi ndizo nilizovaa siku ya picha," nikasema. "Naomba mtazame bango, mtazame magoti."

Mwenyekiti alikuwa na picha ya bango katika simu yake. Aliivuta kwa vidole viwili ikakua. Akatazama simu, akatazama meza. Akampitishia aliye karibu naye, na simu ikazunguka.

"Kama ningekubali," nikaendelea, "wangeniita, wangenipa jezi yao, wangenipiga picha nzuri na mdomo nimefunga. Mtu aliyesema ndiyo, unampa nguo avae. Mimi walinipaka rangi kwa sababu hawakuniuliza."

Mwenyekiti alimgeukia mkuu wa michezo. "Hii magoti ni ya timu gani?"

Mkuu wa michezo akatazama mikono yake.

Ningeweza kuishia hapo, na kocha wangu, aliyekaa nyuma, alikuwa akinionyesha kwa macho kwamba yatosha. Lakini nilikuwa nimesimama, watu walikuwa wananisikiliza, na hilo halikuwa limenitokea mara nyingi.

"Nina neno lingine. Kanuni hii mliiandika ili vyuo visitutumie. Lakini chuo kiliponitumia, aliyeitwa kujitetea ni mimi. Hata wangemweka msichana asiyejua kama yupo kwenye bango, angeadhibiwa. Naomba kuuliza, kanuni hii inamlinda nani?"

Feni ililalamika. Mwenyekiti aliandika kitu, akapiga mstari chini yake.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Afande."

Hakuwa ameniambia cheo chake chochote. Neno lilinitoka tu, na safari hii naye alicheka.

Tulingoja nje, mama akiwa ameshika mkono wangu kama niko karibu kuvuka barabara. Tulipoitwa ndani hawakuzungusha maneno. Sikuwa na hatia, ningecheza popote nitakapodahiliwa. Chuo kile kiliamriwa kushusha kila bango lenye sura yangu na kutotangaza timu zake msimu huo. Kisha mwenyekiti akasema kwamba ule mkia wa kanuni wangeukata. Na waliukata kweli. Kabla ya ligi kuanza, shule zote zilipata kanuni mpya: picha ya mchezaji haitumiki bila saini yake, na ya mzazi kama bado ni mtoto; likizuka shauri, chuo ndicho kitakachothibitisha kwamba kiliomba, si mchezaji athibitishe kwamba alikataa. Mwalimu wangu wa michezo aliwasomea wasichana wetu uwanjani. Aliniambia walishangilia kama wamefunga pointi.

Nilidahiliwa uuguzi katika chuo cha kocha wangu. Na msimu ulipofika, ratiba ikatukutanisha na chuo kile, kwenye uwanja wa watu wengine upande wa Port Bell, ambako upepo wa ziwa unaingia bila kubisha hodi na kuusukuma mpira unavyotaka.

Mashabiki wao walikuwa wamenisubiri. Kila niliposhika mpira kuanzisha, waliimba, "Bango! Bango!" Nikaupiga wavuni. Nikaupiga nje. Seti ya kwanza tulipoteza, na makosa mengi yalikuwa yangu. Kocha aliniita pembeni. Nilidhani atanitoa.

"Wanasema nini?" akauliza.

"Bango."

"Na ni uongo?"

Nikafikiri. "Hapana."

"Basi rudi ucheze."

Mama alikuwa amekuja na akina mama wa kanisa letu, Wakongomani wote, vitenge vya rangi zisizoogopana, wamejaza ngazi nzima ya jukwaa. Hawakujua lolote kuhusu mpira wa wavu. Walijua tu kwamba mpira ukianguka upande ule ni vizuri. Seti ya pili ilipoanza na wale wakaanza tena wimbo wao, mama mmoja aliusikia, akaupenda, akaudaka. "Bango! Bango!" wakaimba akina mama, kwa vigelegele na makofi, wakiutia mdundo wa kwaya ambao wenyewe wa kwanza hawakuwa nao. Baada ya muda upande wa pili ukanyamaza, maana nani ataimba wimbo uliokwishachukuliwa. Nami nikaacha kupigana na upepo, nikaanza kuupiga mpira nikikadiria utakakosukumwa. Tukachukua seti ya pili. Tukachukua ya tatu.

Pointi ya mwisho ya seti ya nne ilikuwa ndefu. Mpira ulikwenda na kurudi hadi mikono ikawa mizito, na mwenzetu mmoja akajitupa sarujini kuuokoa, akaamka na kiwiko kinachovuja damu. Mshambuliaji wao, msichana mwenye nguvu kuliko wote uwanjani, aliruka. Niliruka naye. Nilifungua mikono yote miwili juu ya wavu, mpira ukanigonga viganjani kama mlango unaofungwa kwa hasira, ukaanguka upande wao.

Filimbi ikalia. Sikumbuki nilivyotua. Nakumbuka nimefunikwa na wenzangu, nakumbuka yule mshambuliaji akipenya kati yao kunipa mkono na kusema, "Umecheza, dada," na nakumbuka mama akishuka ngazi kwa uangalifu, viatu mkononi.

"Imeisha?" akauliza.

"Imeisha, mama. Tumeshinda."

"Basi turudi, hawa wana njaa."

Tulitoka kwa miguu hadi barabara ya Port Bell, timu nzima na kwaya nzima, mimi bado na jezi yangu iliyolowa. Akina mama walianzisha wimbo wa kanisani kwa sauti tatu, wakashika upande mmoja wa barabara kana kwamba wameukodi. Malori ya bandarini yakapunguza mwendo nyuma yetu. Hakuna aliyepiga honi.